Mfalme wa Pau na Hukumu Zetu

Katika michezo yote ya karata ninayoijua, hakuna unaoacha maneno mengi nyuma yake kama briji ya timu. Mchezo wenyewe huchezwa kwa ukimya. Anayenadi hutamka maneno machache tu yaliyoruhusiwa, na anayetupa karata hasemi kitu. Lakini karata zikishakusanywa na hesabu za meza mbili kulinganishwa, maneno hufunguka kama bomba lililopasuka, na kila mmoja anajua mwenzake alikosea wapi. Nimeyasikiliza maneno hayo kwa miaka mingi, na kadhalika nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya migao ya mabingwa. Nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa uchambuzi si uchambuzi hata kidogo. Ni hukumu ya mtu aliyekwisha kuona mfalme alikaa wapi.

Kwa msomaji asiyeucheza mchezo huu, sina budi kueleza machache kwanza. Karata si jambo geni kwetu. Neno karata lenyewe, na neno turufu, na majina kopa, uru, shupaza na pau, yote yametoka kwa Wareno, na wazee wa pwani walikuwa wakikata kwa turufu zamani, kabla Mmarekani Harold Vanderbilt hajaipanga hesabu ya briji ya leo mwaka 1925. Hucheza watu wanne, wawili wawili, kila mmoja na karata 13. Karata nne zikitupwa, moja kutoka kila mkono, hiyo ni duru moja, na mwenye karata kubwa huila. Kwa hiyo kila mgao una duru 13. Hadi hapo ni mchezo wa karata kama mingine.

Tofauti iko katika mnada unaotangulia. Kabla karata ya kwanza haijatupwa, kila upande hunadi, yaani huahidi idadi ya duru utakazokula na kutaja turufu itakuwa ipi. Huhesabu kuanzia duru ya saba, kwa hiyo anayesema "nne shupaza" ameahidi duru 10 kwa turufu ya shupaza, na akitimiza hupata tuzo. Anayeahidi duru 12 amenadi slemu ndogo. Anayeahidi zote 13 amenadi slemu kuu, na tuzo yake ni kubwa kuliko zote. Asiyetimiza ahadi hutozwa faini. Na aliyekula duru 10 hali aliahidi tisa tu, tuzo ile kubwa haipati. Hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo: haitoshi kuweza, ni lazima uwe ulisema kwamba utaweza.

Katika mashindano ya timu, karata zilezile huchezwa kwenye meza mbili. Wawili wa timu yetu huzishika karata za upande mmoja katika meza ya kwanza, na wenzetu wawili huzishika za upande wa pili katika meza nyingine. Hivyo hakuna anayeweza kulalamika kwamba aligawiwa vibaya, maana mpinzani wake alikaa mbele ya karata hizohizo. Tofauti ya pointi za meza mbili hugeuzwa kuwa alama kwa jedwali maalumu, na alama hizo ndizo zinazoamua mshindi.

Sasa natazama hesabu, maana bila hesabu hakuna uchambuzi. Tuseme upande wetu uko katika ile hali ambayo tuzo na faini zote huongezeka, wachezaji huiita hali ya hatari. Tukinadi nne shupaza na kutimiza, tunapata pointi 620. Wapinzani wetu waliozishika karata hizo katika meza ya pili wakaishia tatu, hata wakila duru 10, wanapata 170. Tofauti ni 450, nayo ni alama 10 kwetu. Tukishindwa kwa duru moja tunatozwa 100, nao wakiwa wamepata 140, tofauti ni 240, yaani alama sita kwao. Basi tunahatarisha sita ili kupata 10. Ahadi ya namna hiyo inalipa ikiwa ina nafasi ya asilimia 37.5 tu ya kutimia. Nje ya hali ya hatari faida ni alama sita na hasara ni tano, na nafasi inayotakiwa ni kama asilimia 45.

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo. Ikiwa ahadi yenye nafasi ya asilimia 40 ni ahadi njema, maana yake ni kwamba mnadi hodari, akifanya kazi yake sawasawa, katika ahadi za aina hiyo ataanguka mara sita kati ya 10. Ataonekana amekosea mara nyingi kuliko alivyoonekana kupatia. Na bado, mwisho wa mashindano, timu yake itakuwa mbele kwa sababu yake. Mtu huyo akikaa na mwenzi anayehukumu kwa matokeo, atasutwa mara sita na kusifiwa mara nne kwa tendo lilelile moja.

Hilo si jambo la mzaha. Nimewaona watu wawili waliocheza pamoja miaka mingi, watu wa heshima zao, wakiachana kwa sababu ya mazungumzo ya namna hii. Lakini kuachana si ubaya mkubwa kuliko yote. Ubaya mkubwa ni woga. Mtu aliyesutwa mara tatu mbele ya watu kwa ahadi zilizokuwa sahihi, mara ya nne hatanadi. Ataishia tatu shupaza, atakula duru 10, na mwenzake atamwambia, "Umecheza vizuri, bwana." Hakuna atakayemlaumu. Kosa lake litafichuka tu hesabu za meza mbili zitakapowekwa pamoja, na hata hapo wataliita bahati ya wale wengine. Kosa la aliyethubutu huonekana na kila mtu papo hapo. Kosa la mwoga ni la kimya, na timu nyingi hufa kwa makosa ya kimya.

Nikitaka kuonyesha jinsi hukumu ya matokeo inavyoweza kuwapotosha hata wanaoujua mchezo, huuchukua mgao wa 92 wa fainali ya Bermuda Bowl ya mwaka 1975. Mashindano hayo ndiyo ya ubingwa wa dunia wa timu, yaliyoanza mwaka 1950, na mwaka ule yalirudi kisiwani Bermuda yalikopata jina. Fainali ilikuwa ya migao 96, Italia dhidi ya Wamarekani. Katikati ya fainali Wamarekani walikuwa wametangulia kwa pengo kubwa, na Waitalia wakalipunguza mgao kwa mgao hadi mwisho ukawa hautabiriki.

Katika mgao huo wa 92, Benito Garozzo na Giorgio Belladonna wa Italia walipanda katika mnada hadi saba pau, slemu kuu, wakiwa katika hali ya hatari. Waliahidi kula kila duru bila kupoteza hata moja, na mfalme wa turufu yao wenyewe hawakuwa naye. Alikuwa mikononi mwa wapinzani. Walikuwa na ree, ile karata iliyo juu ya mfalme, na walikuwa na bibi aliye chini yake. Tumaini lao lilikuwa kumtega mfalme: kucheza karata ndogo kuelekea ree na bibi, kwa dua kwamba mfalme yuko kwa yule anayetupa kabla yao. Akiwa huko, bibi anapona. Akiwa upande wa pili, bibi analiwa na ahadi imevunjika.

Mfalme alikuwa kwa Eddie Kantar, mahali palepale mtego ungeweza kumnasa. Tena Kantar hakuwa na pau nyingine isipokuwa kumi. Bibi akapona, kisha ree ikachezwa na mfalme akaanguka. Belladonna akatimiza ahadi na kuandika pointi 2,140. Katika meza nyingine Wamarekani waliozishika karata hizohizo walikuwa wamesimama kwenye slemu ndogo bila turufu, wakaitimiza. Italia ilipata alama 12 kwa mgao huo, ikashinda fainali kwa alama 26. Kama mfalme angekaa upande wa pili, alama 17 zingekwenda kwa Wamarekani. Toa 29 katika 26, utaona kwamba Wamarekani wangekuwa mabingwa wa dunia kwa alama tatu.

Mgao huo umesimuliwa mara nyingi mno, na aghalabu husimuliwa kama hadithi ya ushujaa wa Waitalia. Mimi nauliza swali la mchambuzi: je, ile ilikuwa ahadi njema? Hesabu haina huruma. Faida ya kutimia ilikuwa alama 12, hasara ya kuvunjika alama 17. Ili kuhatarisha 17 kwa ajili ya 12, unahitaji nafasi ya karibu asilimia 59. Nayo nafasi ya mfalme mmoja asiyejulikana aliko ni nusu kwa nusu. Hata kama kila kitu kingine katika mikono ile miwili kilikuwa kimekamilika, mtego wenyewe haukuzidi nusu. Na hapo tunakubali kwamba katika meza ya pili wameifikia slemu ndogo. Kama wasingeifikia, ile ndogo peke yake ingewatosha Waitalia kupata alama nyingi, na ya kuu ingezidi kuwa ya bure.

Kwa hiyo nasema bila kusita: saba pau ilikuwa ahadi mbaya iliyoshinda ubingwa. Na wale wawili waliosimama kwenye slemu ndogo waliamua vizuri, wakashindwa. Sisemi hivyo kwa kumdharau Belladonna, aliyetwaa Bermuda Bowl mara 13, wala Garozzo aliyekuwa naye katika nyingi ya hizo. Mtu haendi juu kiasi hicho kwa bahati. Lakini ukubwa wa mtu haubadilishi nafasi ya karata moja. Anayemsifu bingwa kwa sababu mfalme alikaa vizuri hamheshimu bingwa, anamheshimu mfalme.

Tena kuna upotovu wa pili katika hadithi hiyo, nao ni kule kuuita mgao wa 92 mgao ulioamua fainali. Alama 12 za mgao wa 92 si nzito kuliko alama 12 za mgao wa tano. Zile za mgao wa 92 tunazikumbuka kwa sababu zilikuja mwisho, wakati watu wamekwisha simama na kushika vifua. Pengo la Wamarekani lililiwa kidogo kidogo: tuzo moja isiyonadiwa hapa, duru moja iliyotupwa ovyo pale. Hakuna anayesimulia alama hizo. Nadhani mchambuzi mwenye nia ya kufundisha angezitafuta kwanza, kwa maana ndizo zinazoweza kufundisha. Mfalme aliyekaa vizuri hawezi kumfundisha mtu chochote.

Uchambuzi mwema basi ni upi? Kwa maoni yangu, huanza kwa kuzifunika tena karata. Mchambuzi hufunika mikono mitatu, huacha mmoja tu wazi, ule wa anayeamua, kisha huuliza: mtu huyu, kwa karata hizi 13 na maneno aliyoyasikia katika mnada, alijua nini? Tuseme jozi moja imefika nne shupaza katika hali ya hatari. Ina hasara ya hakika ya duru tatu, na ya nne inategemea mtego wa mfalme wa uru. Hiyo ni nusu kwa nusu, juu ya ile asilimia 37.5 inayotakiwa. Ahadi hiyo ni njema. Huleta, kwa wastani, faida ya alama mbili kila inaponadiwa, ingawa inaanguka mara moja katika kila mbili. Mfalme akikaa vibaya, uchambuzi huishia kwa neno moja: "Tugawe tena."

Sasa tuseme jozi ileile inahitaji mtego huohuo, na juu yake inahitaji turufu tano za wapinzani zigawanyike tatu kwa mbili. Mgawanyiko huo hutokea kama mara 68 katika 100. Nusu ya 68 ni 34. Tumeshuka chini ya kiwango, na kila ahadi ya namna hiyo hutupotezea, kwa wastani, zaidi kidogo ya nusu ya alama. Hapo lipo la kuzungumza, hata kama safari hii mfalme alikaa vizuri na turufu zikagawanyika. Mwenzi mwema husema wakati huohuo anapopokea pongezi: "Ndugu yangu, tumepata, lakini tulipanda ngazi moja kupita kiasi. Mnada wetu ulitupeleka huko kwa njia gani?" Swali hilo ni gumu kuuliza, kwa sababu hakuna anayetaka kuchunguza furaha. Majuto ni mjukuu, yakija kila mtu huyaona. Kosa lililovaa nguo za ushindi halionekani, nalo ndilo linalorudi.

Huenda msomaji akasema: je, matokeo hayana thamani yoyote? Yanayo. Katika mgao mmoja matokeo husema machache. Katika migao mia husema mengi, na jozi inayoanguka kila siku haiwezi kujificha nyuma ya hesabu za asilimia. Tena mara nyingine matokeo hutuamsha tutazame jambo lililokuwa wazi mezani nasi hatukulitazama. Mpinzani wa kulia alifungua mnada kwa kutangaza mkono wenye nguvu; basi mfalme aliyekosekana yuko kwake zaidi kuliko kwa mwenzake aliyenyamaza, na nusu kwa nusu si nusu kwa nusu tena. Kadhalika timu iliyo nyuma sana na imebakiwa na migao michache inaweza, kwa makusudi, kuchagua ahadi yenye nafasi haba, kwa sababu njia salama inaipeleka kwenye kushindwa kwa hakika. Mchambuzi haki yake ni kuyauliza hayo yote. Lakini yote hayo ni mambo yaliyokuweko kabla mfalme hajaonekana. Hayo ndiyo mpaka wa hukumu yake.

Nimelitafakari jambo hili nje ya meza ya karata pia. Mkulima aliyelima mapema na kupanda kwa wakati, mvua ikakosa, kijiji humwita mzembe pamoja na jirani yake aliyelala. Yule aliyechelewa, mvua ikamngoja, huitwa mjuzi na huombwa ushauri mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata kijiji kizima hulipa gharama ya ushauri huo. Briji ya timu ina neema moja ambayo shamba halina: kuna meza ya pili. Karata zilezile zilishikwa na watu wengine, tunaweza kuona njia ambayo hatukuifuata ilifika wapi, na hesabu ya nafasi inaweza kukokotolewa kwa kalamu. Ikiwa hata hapo, penye ushahidi wote huo, bado tunamsifu aliyebahatika na kumsuta aliyeamua vizuri, sijui tutatenda haki wapi.

Waswahili husema yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Uchambuzi wa mgao hauwezi kumhamisha mfalme aliyekwisha anguka. Kazi yake ni mgao ujao. Anayechambua ili ajulikane kwamba yeye angalifanya vingine anamtibu aliyekwisha zikwa. Anayechambua ili mwenzake anadi bila woga kesho, na asimame kesho mahali pa kusimama, huyo ndiye tunayemhitaji mezani. Vitabu vya mwaka 1975 vimeandika kwamba Wamarekani walishindwa kwa alama 26, na ni kweli. Chini ya mstari huo ningeongeza mwingine mfupi: katika mgao wa 92 waliahidi kile walichokuwa na haki ya kuahidi, wakakitimiza.